Asumini Imehama Nyumba

Mimea ya siku hizi inasema, na kama mmea wako wa dirishani haujawahi kukuambia "nina kiu", basi ama umebahatika ama umechelewa. Maneno yenyewe hayakutoka kwenye majani. Yalitungwa ghorofa ya tatu ya jengo moja la vioo, kwenye meza iliyokaa ubavuni mwa dirisha, na mwanamke ambaye baba yake alimwita Kasuku tangu alipoanza kutamka, kwa kuwa akishaanza kusema hakuwa na kituo.

Kampuni yake iliuza mimea kwenye vyungu. Ndani ya kila chungu kulichomekwa kijiti kifupi, urefu wa mpini wa kijiko, chenye kazi ya kupima unyevu, mwanga na joto, kisha kumpelekea mwenye chungu ujumbe kwenye simu. Udongo ukikauka: "Nina kiu." Jua likizidi: "Nisogeze kidogo, nakuomba." Maji yakimwagwa: "Asante. Nimekunywa." Mteja alichagua tabia ya mmea wake, kama uwe mcheshi, mdekaji au mpole, na tabia zote tatu alizitunga Kasuku. Mcheshi alimtunga asubuhi, chai ikiwa bado ya moto. Mdekaji alimtunga siku za hasira. Mpole alimjia mwenyewe adhuhuri, jua lilipopita katikati ya majani ya vyungu vya maonyesho na kuimwagia meza yake mwanga wa kijani. Hapo macho yalikuwa mazito, sauti za ofisi zikasogea mbali kama za watu walio ng'ambo ya mto, na sentensi zikashuka moja moja bila kuitwa. Kazi yake ilikuwa kuzinasa kabla hajazinduka.

Ujumbe ulikusudiwa uende upande mmoja tu. Nani angefikiri mtu mzima atakaa auandikie mmea majibu? Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi. Tangu wiki ya kwanza watu walijibu, na majibu yote yaliangukia mahali fulani ndani ya mashine palipoitwa Kapu. Kila asubuhi Kasuku alilisoma Kapu ili ajue watu wanapenda kuongea na mimea kwa lugha gani. Hakukuwa na majina, nambari za vyungu tu. "Nisamehe mpenzi, foleni ilinishika." "Leo nimeachishwa kazi, wewe ndiye wa kwanza kujua." "Usinisemee kwa mke wangu, nimevuta moja tu." Mtu hamjui jirani wa mlango wa pili, lakini mshubiri anauomba radhi. Kasuku alikuwa akicheka peke yake, tena kwa sauti, mpaka ikafika siku akaacha kucheka.

Aliacha kwa sababu ya chungu nambari 4417, na chungu hicho kilikuwa cha mama yake.

Mama alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini na moja, na ingawa alishastaafu, wodi haikumtoka. Nyumbani kwake chumvi ilipimwa, shuka zilikunjwa pembe, na kila habari ilianza kwa kutaja saa. Baba, fundi wa makochi, mtu wa maneno machache na misumari mingi mdomoni, aliishi kwa amani chini ya utawala huo. Kisha akalazwa, kifua kikimsumbua. Asubuhi ya siku ya tatu Mama alimpigia Kasuku simu. "Nenda kazini, mwanangu. Hali yake inaridhisha. Utakuja jioni." Ndiyo siku vyungu vinavyosema vilipozinduliwa, na Meneja aliagiza simu zote ziwekwe kwenye droo ili wageni wasisumbuliwe. Kati ya saa sita na saa saba Mama alipiga mara tatu. Kasuku alifungua droo saa tisa, akakimbia, na alipofika wodini alikuta kitanda kimeshatandikwa shuka safi, pembe zimekunjwa vile vile mama yake anavyozikunja. Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda. Alisema neno moja, "Umefika," na tangu hapo hakusema la maana tena.

Si kwamba waligombana. Heri wangegombana. Kasuku alipiga simu katikati ya wiki: shikamoo mama, marahaba, unaendeleaje, salama. Jumapili alikwenda mwenyewe, akapewa chai, wakakaa wawili hao wakiangalia kochi ambalo Baba aliliacha nusu, kitambaa kimeshonwa upande mmoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Kasuku aliusikia mshindo huo hata akiwa kazini. Alijua analaumiwa. Alijua hata maneno ambayo Mama angemwambia kama angeamua kusema, na kwa kuwa aliyajua, hakuthubutu kuyauliza.

Mwezi wa tatu tangu msiba alichukua asumini stoo, akaichagulia tabia ya upole, akaiandikisha kwa simu ya Mama na kuipeleka. Nambari ya chungu aliishika kichwani. Sheria ya ofisi ilikataza kufuatilia chungu cha mtu unayemjua, na Kasuku aliijua vizuri sheria hiyo, maana yeye ndiye aliyeipiga chapa. Alisema moyoni kwamba anataka tu kuwe na kitu kinachosema ndani ya nyumba ile.

Mama alikijibu chungu siku ile ile. "Saa mbili asubuhi. Nimepokea. Umepewa kikombe kimoja." Jioni akaandika tena. "Saa kumi. Majani mawili ya njano yameondolewa. Hali inaridhisha." Kasuku alifunika mdomo kwa kiganja. Maneno yote aliyonyimwa kwa miezi, mmea uliyapata kwa siku moja. Aliona wivu, hilo tulikiri, mwanamke wa miaka thelathini na sita akiuonea wivu mche wa asumini. Lakini kesho yake aliwahi ofisini kabla ya wote, akalifungua Kapu akiwa bado na mkoba begani.

Kisha asumini ikahama nyumba. Aliyegundua ni fundi wa vijiti, bwana mmoja mwenye miwani ya kamba na udongo wa kudumu chini ya kucha, ambaye ofisi nzima ilimwita Daktari wa Mizizi. Alikuja na karatasi ya vipimo mkononi.

"Dada, hiki chungu unachokisoma kila siku hakiko ndani tena. Hili ni jua zima, toka asubuhi mpaka jioni. Na huu udongo si wetu. Mtu kautoa mmea kwenye chungu, kaupanda ardhini na kijiti chake."

"Labda uani," Kasuku alisema.

"Huyo mwenye chungu ana ua?"

Hakuwa na ua. Mama alikaa ghorofa ya pili, na ardhi ya karibu naye ilikuwa ya kuegesha magari. Daktari wa Mizizi alimtazama usoni, akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka mezani na kwenda zake, kwa sababu alikuwa na adabu ya watu wanaofanya kazi na vitu visivyosema.

Jibu lilikuwa kwenye Kapu. "Saa kumi na robo. Nimepokea. Leo nimekuja na kikombe chako mwenyewe. Jua la huku kwako ni kali, lakini majirani zako wa kulia na kushoto ni watulivu, hutasumbuliwa." Kasuku alisoma mara tatu. Ni mahali pamoja tu ambapo majirani wa kulia na kushoto ni watulivu kiasi hicho. Mama alikuwa ameipanda asumini juu ya kaburi la Baba.

Mama hakuwa mjinga, naye alijua kijiti ni kijiti. Lakini mtu anaweza kulijua jambo na bado likamgusa. Tangu siku hiyo kaburi lilimwambia "Nina kiu", naye akalijibu "Nakuja". Kaburi likamwambia "Asante, nimekunywa", naye akaketi hapo akaandika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, ndivyo wasemavyo. Kasuku alianza kuijua akiwa hai, ghorofa ya tatu, chai ikipoa mbele yake, kwa sababu maneno ya marehemu aliyatunga yeye, na aliyatunga akisinzia.

Ujumbe wa Mama ukarefuka. "Nimemaliza kushona kochi lako. Mstari umepinda, ungenicheka." "Leo nimeota umerudi kuchukua nyundo, ukasema huna haraka." Kasuku naye akaanza kuota, tena mchana. Mwanga wa kijani ukishuka mezani, alimwona Baba amepiga magoti mbele ya kochi, mdomoni ana maua ya asumini mahali pa misumari, anayatoa moja moja, anayapigilia kwenye kitambaa polepole, na kila ua likishika panasikika harufu. Baba hakumgeukia. Alinyoosha mkono tu nyuma, kama alivyozoea, ili apewe mkasi. Kasuku aliutafuta mkasi kila mahali mezani mpaka akazinduka, mkono wake ukiwa ndani ya droo ile ile iliyokuwa na simu.

Mwezi wa saba, Jumatatu moja, alikuta maneno haya: "Saa kumi na moja alfajiri. Kasuku wako alikuja jana. Amekonda. Sikuweza kumwangalia machoni. Ni mimi niliyemwambia aende kazini. Miaka thelathini na moja nasoma pumzi za watu, zako nikashindwa kuzisoma. Nimemnyima mtoto kumuaga baba yake. Kila akija nataka kumwambia, na kila akija nammiminia chai. Nimwambie nini?"

Kasuku aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa. Kumbe kile kimya alichokidhania kuwa lawama kilikuwa aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya Mama. Watu wawili, kila mmoja amejihukumu chumbani kwake, na katikati wanapeana chai. Alitaka kupiga simu dakika ile ile. Lakini angesema nini? Kwamba amejua kwa njia gani? Kwamba kwa miezi minne amesimama nyuma ya kaburi la baba yake akisikiliza? Muuguzi angeweza kusamehe kuchelewa. Kuchungulia faili la mgonjwa, Kasuku hakuwa na hakika. Jumapili akaenda, akamiminiwa chai, akainywa.

Hivyo wiki zikapita, mpaka goti lilipoingilia kati. "Saa mbili. Goti la kulia limevimba. Leo siji, nivumilie." Kesho yake: "Saa mbili. Goti bado. Ngazi zinanishinda." Jua la siku hizo halikuwa na huruma, na udongo wa makaburini ulikauka. Sasa kulikuwa na sentensi moja, ambayo mpole aliitoa pale tu alipokaa siku mbili kamili bila tone la maji. Kasuku aliitunga zamani, adhuhuri moja, akitabasamu. Siku ya tatu, saa mbili na nusu asubuhi, kijiti kikaituma kwa Mama: "Umenisahau?"

Jibu lilikuwa kwenye Kapu Kasuku alipofika. Halikuanza na saa. "Sijakusahau. Wallahi sijakusahau. Nimejaribu ngazi mara mbili, nimefika ya nne nikakaa chini. Nisamehe. Ningemtuma mtoto, lakini namwombaje, na uso gani?"

Alikwenda moja kwa moja kwa Meneja, mtu mwema aliyependa kila kitu kiwe na asilimia. Akamwomba ile sentensi iondolewe.

"Hiyo?" Meneja alishangaa. "Hiyo ndiyo mboni ya jicho letu. Watu tisa kati ya kumi wakiipata wananywesha ndani ya saa moja. Inawachoma, ndiyo maana inafanya kazi. Uliipatia kweli kweli hiyo."

Kasuku alitoka mle ndani akitamani asingeipatia. Alimkuta Daktari wa Mizizi kati ya vijiti vyake, akamweleza yote, kuanzia droo mpaka goti. Hakuwahi kumweleza mtu. Yeye alisikiliza huku akifuta kijiti kimoja kwa kitambaa.

"Kwanza, mimi sijasikia kitu," alisema. "Pili, naweza kuiambia mashine kuwa udongo umelowa. Itamtumia mama 'Asante, nimekunywa', naye atapumzisha goti. Ni kubonyeza tu."

Ilikuwa rahisi hivyo. Kasuku aliiona sentensi ile ikienda, akamwona Mama akivua miwani na kushusha pumzi. Amemtungia uongo mwingi kwa miezi, mmoja zaidi ungepungua nini? Halafu akamwona Baba amenyoosha mkono nyuma, hageuki, anasubiri mkasi kutoka kwa mtu anayejua yupo.

"Usibonyeze," alisema. "Naenda mwenyewe."

Simu aliiweka mfukoni, si kwenye droo.

Hakuwa amefika makaburini tangu maziko. Aliingia saa saba mchana, hakuna mtu, vivuli vimejikusanya chini ya miti midogo, hewa imesimama. Alidhani atapotea, lakini harufu ilimpokea njiani na kumwongoza safu ya sita, mkono wa kushoto. Asumini ilikuwa imetambaa kuliko alivyodhani, majani yamelegea, maua machache meupe yamejikunja pembeni. Kijiti kilichungulia katikati. Nyuma ya jiwe Mama alikuwa ameficha kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu, kile ambacho Baba hakukubali kunywea kingine. Ukingoni kilikuwa na alama ndogo ya kubonyea, alipokigonga na nyundo zamani.

Kasuku alikijaza bombani karibu na lango, akarudi, akamimina taratibu. Udongo ulikunywa kwa sauti. Akaenda tena. Alipomimina cha tatu aligundua kwamba amekuwa akisema, haraka haraka, bila kituo, kama alivyokuwa akisema utotoni: kuhusu droo, kuhusu zile simu tatu, kuhusu mstari wa kochi uliopinda ambao yeye Jumapili aliugusa na hakuthubutu kuusifia. Upepo ulipita, majani yakageuka upande wa chini, yakarudi.

Simu ikalia. Alikuwa Daktari wa Mizizi.

"Dada, imeshamwambia kuwa imekunywa. Na yeye amejibu. Nikusomee?"

"Soma."

"'Saa saba na dakika arobaini. Nani kakunywesha?'" Karatasi zilisikika zikipekuliwa. "Nimeangalia kote. Hilo hukulitungia jibu."

Ni kweli hakulitungia. Kwa muda wote aliyoitafutia mimea maneno, hakuwahi kufikiri kwamba mtu angeiuliza jambo ambalo jibu lake ni mtu. Alimshukuru, akakata simu, akakaa chini kando ya kaburi na kuandika kwa nambari yake mwenyewe.

"Ni mimi, mama. Niko kwa baba."

Jibu lilikuja upesi. "Umejuaje kuwa leo hajanywa?"

Muuguzi ni muuguzi. Kasuku angeweza kusema amepita tu, au amehisi, au ameoteshwa. Mama asingeamini lakini angeliacha hivyo, wakarudi kwenye chai yao. Aliandika polepole, akifuta na kuanza upya, yeye aliyezoea sentensi zishuke zenyewe.

"Maneno ya asumini natunga mimi. Na yote unayomwandikia baba yananifikia mimi. Nimeyasoma yote, mama. Nilipaswa kukwambia. Nisamehe. Na siku ile hukuninyima kitu, ulipiga mara tatu."

Akatuma. Jua lilihama jiwe moja hadi jingine. Mdudu alitua kwenye kijiti, akatembea mpaka nchani, akaruka. Kasuku aliitazama simu kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha upasuaji, akijua kwamba upande wa pili kuna mtu mmoja ghorofa ya pili, goti juu ya mto, anayarudia kichwani maneno yote aliyowahi kuyaandika na kuyapa uso mwingine. Alijuta. Hakujuta. Harufu ya asumini ilianza kuinuka kutoka kwenye udongo uliolowa, na macho yakawa mazito kama ya adhuhuri za ofisini, lakini safari hii hakuna sentensi iliyoshuka, na yeye hakuitafuta.

Simu ikatikisika kiganjani.

"Saa nane na dakika tano. Nimepokea."

Na papo hapo ukaingia mwingine.

"Vikombe vingapi?"

"Vitatu," Kasuku aliandika, herufi zikiwa zimekwisha kulowa machoni.

"Vimezidi. Mizizi itaoza. Kirudishe kikombe nyuma ya jiwe, uje nyumbani uniambie mwenyewe."